Mtembezeni Goretti

Toronto, 9 Februari 2011

Kaka Tharcisse,

Barua hii isome ukiwa peke yako, kisha uifute kwenye kompyuta. Dada Goretti asiione hata kwa bahati mbaya. Wifi Jemimah unaweza kumwambia, lakini chumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Iteka amegongwa na gari. Jana jioni alikuwa na rafiki yake Zeena kwenye kituo cha basi hapa kwenye makutano ya barabara za Jane na Finch, wametoka shule. Gari likateleza kwenye barafu, likawapandia pale pale waliposimama. Iteka yuko hospitali, chumba cha mahututi, kichwa kimevimba kwa ndani. Wamemlaza kwa dawa ili ubongo upumzike. Hawajui kama ataamka. Kila daktari ninayemshika mkono ananiambia tusubiri. Zeena yuko chumba cha pili, naye hali yake ni mbaya.

Kaka, vidole vinakosea herufi. Huyu mtoto niliachiwa mimi. Dada hana mwingine, na baba yake Iteka alishafariki. Aliniambia, "Mdogo wangu, wiki mbili tu, nikamwone kaka yetu kabla sijazeeka." Nikamwambia nenda zako, sisi tupo.

Nimekwenda kwa Léonard, katekista anayetuongoza sisi Warundi wa hapa. Wazee wakakaa. Wamesema msafiri haambiwi habari kama hii akiwa ugenini. Unajua mwenyewe, kwetu mtu huambiwa akiwa amefika, ameketi, watu wamemzunguka. Na Dada ana presha, mwaka juzi alianguka kazini tukadhani tumempoteza. Amekuja huko kwa basi kwa sababu ndege anaiogopa kuliko simba. Ukimwambia leo atapanda basi siku mbili peke yake na jambo hilo kifuani. Atakufa njiani, tuwazike wote wawili.

Tikiti yake ni ya tarehe 22. Mpaka siku hiyo mtembezeni. Mpelekeni kula, mpelekeni kwenye maduka ya mitumba, anayapenda kufa, mpelekeni kuona kila kinachoonwa katika mji huo. Arudi nyumbani amechoka, asiwe na nguvu ya kuuliza. Simu yake haishiki huko Marekani. Yako mwambie imeharibika.

Mdogo wako,
Philomena


Memphis, 10 Februari 2011

Mdogo wangu Philomena,

Nimesoma. Nimefuta. Nimekwenda bafuni nikafungua maji ili nilie.

Wewe sijawahi kukuona kwa macho. Tulipokimbilia Tanzania mwaka ule wa sabini na mbili, mimi na baba, ulikuwa bado tumboni, na Goretti alikuwa anatambaa. Nimemsubiri tangu nikiwa na miaka kumi, kambini na sasa huku. Amefika Jumapili. Sijamaliza hata kumwangalia uso, na leo naambiwa nimdanganye kwa uso huo huo.

Sijui kudanganya. Jemimah anajua kidogo. Lakini wazee wakishasema, mimi ni nani? Nimeomba ruhusa ghalani, wamenipa wiki nzima bila malipo. Leo tumempeleka kula mbavu za nguruwe zilizochomwa kwa moshi. Alikula akalamba vidole, akasema, "Kaka, kumbe ulikuwa unaficha utamu wote huu huku." Mimi nilimsogezea sahani yangu.

Niandikie kila siku. Usiponiandikia nitafikiri limetokea.

Tharcisse


Memphis, 12 Februari 2011

Philo wangu, mdogo wangu mvivu wa kuandika,

Nakuandikia kutoka maktaba ya mtaa. Jemimah ananisubiri pembeni, amekaa kama mlinzi wa benki.

Weee, watu wa huku wanakula! Nilidhani nimekuja Marekani, kumbe nimerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Kunde zipo. Bamia zipo, ila wanazikaanga mpaka zinalia kama njugu. Kambare anavingirishwa kwenye unga wa mahindi. Majani ya sukuma wanayapika nusu siku na kipande cha nguruwe ndani, na asubuhi wanakula kitu cha mahindi meupe na siagi, yaani ugali uliokata tamaa. Chai wanaiweka barafu, halafu sukari ni kama ya harusi. Nilipoipima presha yangu duka la dawa, mashine ilinionea huruma.

Na mitumba! Jana Kaka alinipeleka maduka matatu. La kanisa ndilo bora: nguo zimefuliwa, zimepangwa kwa rangi, bibi wa kaunta ananiita mpenzi na hata hanijui. Nimemchukulia Iteka koti la manjano, zipu nzima. Atasema ni la kizee, halafu nitamkuta amelivaa. Wewe una gauni la kanisani, usile sana kabla sijarudi.

Kaka yetu anatembea kama baba, mikono nyuma. Nikimwona kwa nyuma nataka kulia. Ni mkarimu mno, ameacha kazi wiki nzima kwa ajili yangu. Simu yake ndiyo imekufa, jambo la ajabu, juzi tu nilimsikia akiongea nayo. Nilinunua kadi nikapiga kutoka kituo cha mafuta. Ya Iteka imezimwa, ya nyumbani inalia tu. Mko wapi? Mwambie Iteka aniandikie, hata maneno mawili.

Dada yako,
Goretti


Toronto, 13 Februari 2011

Dada mpendwa,

Tumefurahi sana kupata barua yako. Sisi hatujambo kabisa, tunamshukuru Mungu. Theluji imeanguka nyingi. Simu ya Iteka nimemnyang'anya kwa sababu alishindwa mtihani wa hesabu, si unajua watoto wa siku hizi. Mimi zamu zimeongezeka ndiyo maana hunipati nyumbani.

Ninapokuandikia, Iteka amelala. Kabla hajalala alisema, "Mama, nakupenda sana, furahia safari yako, usiharakishe kurudi."

Gauni asante sana. Kula vizuri, pumzika, na dawa za presha usisahau. Tafadhali usisahau, Dada.

Philomena wako


Toronto, 13 Februari 2011

Kaka Tharcisse,

Zeena amefariki leo alfajiri.

Nilikuwa kwenye korido. Mama yake ni Azmina, wa wale Waismaili waliotoka Mwanza, Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Ametoka chumbani, macho makavu, akaketi kando yangu. Akaniuliza, "Mama yake Iteka yuko wapi?" Nikamwambia yuko Memphis, anatembea, hajaambiwa. Akasema, "Mimi nilimshika mkono mpaka mwisho. Huyo mwenzangu mmemwachia ashike nini?"

Nimekuja nyumbani, nimemwandikia Dada barua ya uongo mtupu.

Daktari naye ameuliza. Anasema siku hizi mbili tatu ndizo zitakazoamua, na kama kuna mzazi, awepo. Nimempigia Léonard, anasema wazee hawajabadilisha. Wanasema jinsi mambo yalivyozidi kuwa mabaya, ndivyo anavyopaswa kuzidi kufichwa. Jumatano watanijibu tena.

Ninaogopa kitu kimoja tu sasa. Iteka akienda huku mama yake anachagua nguo za mtumba, Dada hatanisamehe, na mimi sitamlaumu.

Endeleeni kumtembeza. Mungu atusaidie.

Philomena


Memphis, 15 Februari 2011

Philo,

Leo nitakusimulia nilivyotembezwa, halafu nitakuuliza kitu.

Asubuhi tumekwenda kuutazama Mto Mississippi. Mpana, rangi ya chai ya maziwa. Nilitaka dakika tano, tumekaa mpaka miguu ikaganda. Kisha makumbusho, ile hoteli ndogo alipouawa mhubiri wa watu weusi. Chumba wamekiacha vile vile, kitanda, vikombe, na nje kwenye mlango kuna shada la maua. Nikasimama pale nikawaza, huyu naye kuna mtu alipigiwa simu kuhusu yeye. Kaka akanivuta mkono, twende, twende, tutachelewa bata.

Ndiyo, bata. Kuna hoteli ya matajiri ambapo bata wanashuka kwa lifti, wanatembea kwenye zulia jekundu mpaka kwenye chemchemi, na watu wazima wanapiga makofi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nageuka kumwangalia wifi, machozi yanamtiririka. Nikamuuliza una nini, akasema bata wamemfurahisha. Philo, nani analia kwa ajili ya bata?

Jioni wamekuja watu wa kanisa lao kunisalimia, nyumba imejaa. Wakasali saa nzima. Hakuna aliyeniuliza habari za Canada. Mzee mmoja alinishika kichwa akasema Mungu akutie nguvu. Nguvu za nini? Za kula mbavu? Nikataka kuosha vyombo, wanawake wakaninyang'anya sahani.

Na barua yako. Hukunibishia hata neno. Hukuniagiza kitu, wewe ambaye nikienda dukani chini tu unaniagiza vitu sita. Na Iteka, tangu lini akasema sentensi nzima ya Kiswahili? Yule tangu azaliwe ananijibu "oke mami" basi. Eti nisiharakishe kurudi.

Swali langu ni hili: kuna nini huko?

Goretti


Memphis, 16 Februari 2011

Philomena,

Siwezi tena. Leo tulikuwa duka la mitumba, ametoa viatu kwenye rafu, amenigeukia akavishika tu. Hakuviangalia viatu, aliniangalia mimi. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka, utanitembeza mpaka lini?" Nikasema kuna duka jingine zuri zaidi ng'ambo ya daraja. Akavirudisha viatu kwenye rafu, akaenda kukaa garini mwenyewe.

Hajala tangu asubuhi. Dawa za presha Jemimah anamwekea mezani, anazimeza tu. Anatuogopa, mimi na mke wangu. Amefunga mlango wa chumba kwa ndani.

Wazee wamesema nini?

Tharcisse


Memphis, 17 Februari 2011

Philomena,

Hukunijibu. Tangu asubuhi nimekaa maktaba nikifungua barua, nafunga, nafungua.

Usinifanye mtoto. Vikao vya kumficha mtu msiba nimekaa. Mwenzetu Onesphore alipofiwa na mama yake kule Ottawa, naye akiwa mgeni kwetu, nani alimpikia wali kila siku? Mimi. Nani alificha simu yake chini ya mto? Mimi na wewe. Tulimtembeza kwenye maduka, tukamnunulia soksi, na yeye anashukuru. Najua jinsi watu wanavyokuwa wapole. Najua wanavyokukatia nyama iliyonona. Jemimah ananikatia nyama iliyonona, Philo.

Mama alishakufa. Baba alishakufa. Mume wangu alishakufa. Wewe unaandika, Kaka yupo mbele yangu. Mtu wa kunifichia habari zake amebaki mmoja.

Nimeogopa sana. Sijawahi kuogopa hivi hata wakati wa vita kule mtaani kwetu Buyenzi, wakati ule angalau nilikuwa naye mgongoni. Nikifumba macho namwona amelala sehemu baridi na hakuna anayemjua. Kila nikijaribu kuomba naanza "Mungu umpokee" halafu najiziba mdomo, kwa sababu labda bado, labda ninamuua mimi kwa kumwombea vibaya.

Kama amekufa, niambie amekufa. Kama hajafa, niambie nije. Lakini usinipeleke tena kula. Nakusihi kwa maziwa tuliyonyonya, mdogo wangu. Nitakaa hapa kwenye kiti hiki mpaka unijibu. Wakifunga maktaba nitakaa nje.

Goretti


Toronto, 17 Februari 2011

Dada,

Hajafa.

Nimeliandika hilo kwanza ili ulione kabla ya mengine. Sasa kaa vizuri kwenye kiti, mwombe mtu maji.

Tarehe 8 Iteka aligongwa na gari kituoni. Kichwa kimeumia. Yupo hospitali, amelazwa kwa dawa, anapumua kwa mashine. Hajaamka. Leo asubuhi uvimbe umeanza kupungua kidogo sana, daktari amesema kidogo sana, nami nakuambia vile vile alivyosema, sitakuongezea wala kukupunguzia tena. Anaweza kuamka. Anaweza asiamke. Zeena alikuwa naye, na Zeena ametutoka Jumapili.

Wazee walikaa tena jana, wakasema tusubiri mpaka tarehe 22. Leo nimekuandikia bila kuwaambia. Léonard atakasirika, na akasirike. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kando ya kitanda chake. Mkono wake una joto, Dada. Wa kulia, ule wenye kovu la pasi. Nimeushika badala yako siku zote hizi, lakini mimi si wewe na nafikiri anajua.

Usipande basi. Mwambie Kaka akupeleke uwanja wa ndege sasa hivi. Najua unaiogopa ndege. Ogopa, lakini panda.

Presha yako ikipanda ukafa njiani, nitakuwa nimekuua mimi, na wazee watakuwa wamesema kweli. Nimelijua hilo na nimekuandikia hata hivyo.

Philomena


Toronto, 27 Februari 2011

Kaka Tharcisse,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nisamehe pia kwa yale niliyokuambia uwanja wa ndege mbele ya watu. Jemimah mwambie nguo zangu alizozikunja nimezikuta zimekunjwa vizuri, na ile chupa ya maji ya baraka pia.

Ndege ilipopaa nilimshika mkono mzungu mmoja nisiyemjua. Mpaka tunatua sikuuachia, na hakulalamika.

Philomena sikumsemesha siku ya kwanza. Alinipokea, akanifikisha kitandani kwa mtoto, akasimama mlangoni kama mtu anayesubiri kupigwa. Siku ya pili nilimwita, tukakaa kiti kimoja. Tangu hapo hatujaachana. Léonard amekuja mara mbili na chakula. Mara ya kwanza nilimrudishia sufuria na chakula chake. Mara ya pili nilikula.

Kaka, Iteka ameamka! Alhamisi mchana, mimi nikiwa namkata kucha. Alifumbua jicho moja, akaangalia dari, akaniangalia, akalifumba tena, kama vile bado namwamsha kwenda shule. Jana wamemtoa mpira wa kooni. Sauti ni ya kukwaruza, mguu wa kushoto hausikii bado, maneno mengine yamempotea. Lakini ni yeye. Nimelia mpaka wauguzi wakaja kunipima mimi.

Sasa nikuambie lililonifanya nikuandikie usiku huu badala ya kulala.

Azmina alikuja leo kumwona. Mama wa marehemu, Kaka, ana siku chache tu tangu azike, amekuja na supu ya kuku ndani ya chupa ya chai kwa ajili ya mtoto wangu. Kaketi upande ule, mimi upande huu. Iteka akamtambua. Akamtazama, akauliza kwa ile sauti iliyokwaruza, "Aunti, Zeena yuko wapi?"

Daktari alishaniambia atauliza, na akiuliza tumwambie ukweli kwa upole, mimi mama yake ndiye nimwambie. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimemlaani kila mtu, Léonard, Philomena, wewe. Nilikuwa nimeapa mbele ya Mungu kwamba mtoto wangu hatafichwa kitu kama nilivyofichwa mimi.

Nikafungua mdomo nikasema, "Zeena anaendelea vizuri. Wewe kula kwanza."

Nimelisema hilo mbele ya mama yake. Nilitaka ardhi inimeze. Azmina akachukua kijiko, akachota supu, akaipuliza, akamwambia, "Anakusalimia sana. Haya, kunywa." Iteka akanywa. Akatabasamu na nusu ile ya uso inayofanya kazi.

Azmina ameondoka bila kuniaga. Kesho mtoto ataniuliza tena, najua, na kila saa ninayongoja uongo unazidi kuota mizizi. Ninamwogopa mwanangu mwenyewe, Kaka. Nimekaa hapa namsikiliza anavyopumua na ninaogopa kukicha.

Wewe uliniangalia siku zile zote, mezani, madukani, kule mtoni. Niambie, uliwezaje?

Dada yako,
Goretti